Diwani Haumwi

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba moja ya wageni, na kama ungejua ninayoyajua kuhusu wakubwa wa mji huu kwa mashuka yao tu, ungenisalimia kwa adabu kila unaponiona na beseni. Doa la chai nalijua, la mafuta ya nywele nalijua, la damu ndiyo usiseme. Damu inataka maji baridi. Ukiimwagia ya moto umeipikia humo humo kwenye uzi, haitoki tena. Kwa hiyo asubuhi ile nilipokunjua gauni la dada yangu nikaona doa nyuma, pale anapokalia, sikuhitaji kuambiwa kitu. Lilikuwa na ukingo wa manjano, na damu peke yake haina ukingo wa manjano.

Nilimkuta chumbani kwenye kiti chake cha magurudumu, anajisomea hotuba mbele ya kioo.

"Dada, hebu nikuone mgongo."

"Uone nini? Nina mkutano mimi."

"Gauni lako lina usaha."

Akaiweka hotuba mapajani. Tulihangaika mpaka akapanda kitandani, akalala kifudifudi, nikampandisha nguo. Chini kabisa ya mgongo, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na shimo ambamo kizibo cha soda kingeenea, na nyama ya pembeni imekuwa nyeusi.

"Kinauma?" nikamwuliza, halafu nikajiona mjinga. Toka kiunoni kwenda chini dada hakuwa akisikia kitu, tangu siku lori la mchanga lilipomrudia kinyumenyume mbele ya geti la shule aliyokuwa akifundisha. Ungeweza kumchoma na pasi akaendelea kukupigia hadithi. Ndiyo maana watu kama yeye hujinyanyua kwa mikono kila baada ya muda mfupi, ili ngozi ipate damu, na dada wakati wa kampeni alikuwa anasahau. Akishika maikrofoni haachii.

"Kikubwa?"

"Cha kutosha."

Akaugandamiza uso kwenye mto. Kisha akasema, "Usimwambie mtu."

Ili unielewe kwa nini, lazima nikueleze habari ya lile neno. Dada alipotoka hospitali baada ya ajali, alirudi shule na kiti chake, chaki mkononi, na mwalimu mkuu akampokea mlangoni kwa tabasamu la kumzuia njia. Akaambiwa ameshastaafishwa kwa sababu ya ugonjwa. "Mimi siumwi," dada akamwambia. "Niliumia, nikapona. Sasa sitembei. Kutotembea si kuumwa." Mwalimu mkuu akamtakia afya njema. Dada alirudi nyumbani siku hiyo na uso ambao sikuwahi kumwona nao, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha Umoja: watu wa viti, watu wa magongo, wasioona, viziwi na mkalimani wao. Wakachapisha fulana zenye maneno matatu kifuani, SISI SI WAGONJWA. Waliyapiga kelele maneno hayo mbele ya benki iliyowataka barua ya daktari kabla ya kuwafungulia akaunti, wakayapiga mbele ya polisi, wakayaandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi yao. Fulana nilikuwa nafua mimi, bure, kwa sababu eti ni mchango wa familia. Na maneno yenyewe ni ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna wa kumwambia alisema uongo.

Mwaka huo baraza la madiwani lilitoa kiti kimoja kwa watu wenye ulemavu. Lilikitoa kwa shingo upande, na papo hapo likaandaa sheria ndogo: mlemavu yeyote atakayeomba meza kwenye soko jipya la halmashauri alete kwanza cheti cha daktari kuthibitisha kwamba anaweza kufanya kazi. Mzima haletewi masharti hayo, hata awe mlevi wa kulala mtaroni. Umoja wakamsimamisha dada agombee hicho kiti ili akaipinge sheria hiyo ndani ya ukumbi, siyo nje kwenye jua. Upande wa pili akasimama shemeji wa mwenyekiti wa baraza, bwana mmoja aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kusaga, ambaye hakuna siku aliyowahi kukanyaga mkutano wa Umoja mpaka kiti kilipopata posho. Mimi nilimwita Vidole Vinane, jina likasambaa, na sijutii.

Nilimpeleka dada kwenye zahanati ya mbali, tukiwa tumejifunika mitandio kama wezi. Muuguzi alikuwa mama wa makamo asiyejua kupakapaka maneno. Alikiangalia kidonda, akaingiza kipande cha shashi kwa koleo, na shashi ikawa inaingia tu.

"Huyu alale kifudifudi," alisema. "Asikae kabisa. Hata kula, ale amelala."

"Mpaka lini?" dada akauliza.

"Mpaka kifunge. Miezi."

Dada akacheka. "Uchaguzi ni mwezi ujao, mama."

"Mimi siongei habari za uchaguzi, naongea habari za mfupa. Nimeshauona."

Tulirudi nyumbani. Nilimwambia ajitoe, nikamwambia kwa upole, kisha kwa matusi. Alinijibu maneno ambayo nilikuja kuyachukia kuliko yote: "Nikishinda nitalala. Nakuapia, mdogo wangu. Nikishinda tu." Kesho yake akakaa tena kwenye kiti, na mimi nikaanza kazi ya pili juu ya kazi yangu. Asubuhi nachemsha maji na chumvi, nasafisha, najaza shashi, nafunga, naongeza sponji juu ya sponji. Jioni nafungua na kukuta kimekula zaidi.

Mshonaji wa Umoja alikuwa binti mmoja wa kiti kama yeye, aliyezaliwa na mgongo wenye kasoro. Tulimwita Cherehani, kwa kazi yake na kwa mdomo wake, maana akianza kuongea ni mguu umekanyaga pedali, hasimami mpaka uzi uishe. Dada alimwagiza magauni ya rangi nzito yenye bitana mbili. "Viongozi wanavaa rangi nzito," alimdanganya, na Cherehani akayashona huku akitupa habari za mtaa mzima, nani kaachwa, nani kahamia kwa nani. Alimpenda dada kupita kiasi. Kwenye mikutano alikuwa anatangulia mbele na kiti chake, anaimba, anawatania wazima waliosimama pembeni kwamba wao ndio walioshindwa kupata viti.

Joto lilipozidi, harufu ikaanza. Wanaoona walikuwa wanageuza uso na kujitia hamnazo, labda wakidhani ni haja ndogo, jambo ambalo mtu wa kiti huvumiliwa. Aliyejua ni Katibu wa Umoja, ambaye haoni. Alikuwa mtangazaji zamani, ana sauti ya kumfanya mtu anunue dawa ya mende asiyoihitaji. Siku moja baada ya mkutano alinishika mkono akanivuta nyuma ya jukwaa.

"Mdogo wetu," alisema, "nimesikia harufu tangu juma lililopita. Kimefika wapi?"

"Mfupani."

Alijipapasa koti. Kisha akatoa mfukoni chupa ya marashi, kubwa, ya bei. "Mpake kabla hajatoka nyumbani. Usiogope kuzidisha."

"Katibu, dada yangu anaoza."

"Najua."

"Basi mwambie alale. Wewe anakusikiliza."

"Akilala, wataulizia yuko wapi. Tutasema nini? Kwamba anaumwa?" Alilitamka neno hilo polepole kama mtu anayetema mfupa wa samaki. "Wewe ukiumwa, mdogo wetu, unaumwa wewe. Yeye akiumwa, tunaumwa sote. Ile sheria itapita siku hiyo hiyo, na mwenyekiti atasema, si mnaona? Watu wangapi walikuwa wanategemea meza sokoni? Nenda ukawaambie wewe."

Nilitamani nimpasulie ile chupa usoni. Lakini alikuwa bado amenishika mkono, mzee wa watu, haachii, na nikajua hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, kwa sababu mtu mwenye roho mbaya ungemtukana ukamaliza. Nikaichukua chupa. Kesho yake nikampaka dada.

Alishinda. Vidole Vinane alipata kura za nduguze. Cherehani aliimba mpaka sauti ikakauka, na dada akarudi nyumbani anatetemeka kwa baridi wakati sisi wengine tulikuwa tunajipepea.

"Sasa lala," nikamwambia. "Uliapa."

"Kiapo cha udiwani ni wiki ijayo. Asiyekula kiapo kikao cha kwanza anapoteza kiti, na kinakwenda kwa wa pili." Aliniangalia kwa macho ya homa. "Nikilala leo nimempa yule shemeji wa mwenyekiti. Nilikuwa nakaa kwa ajili gani basi?"

Nilipiga magoti. Sina aibu kulisema, nilipiga magoti mbele ya kile kiti nikamshika miguu isiyonisikia, nikamwomba. Alinishika kichwa akaniambia nijikaze kisabuni, si ndiyo kazi yangu. Tulicheka wote wawili, na mimi huku nalia.

Siku ya kiapo nilikaa ukumbini nyuma, kwenye viti vya wageni. Dada alikula kiapo kwa sauti ya darasani, kila neno na nafasi yake. Sheria ya vyeti ikaletwa mchana, akaipinga. Aliwauliza madiwani ni nani kati yao aliyeletewa daktari kabla ya kukalia kile kiti cha ngozi, na kama wapimwe sukari na presha sasa hivi, wangapi watabaki humo ndani. Walicheka, hata waliokuwa upande wa mwenyekiti. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mheshimiwa naona unatoka jasho sana," mwenyekiti alisema kwenye maikrofoni. "Au hujisikii vizuri?"

Madiwani wakageuka kumwangalia. Nilimwona Katibu, aliyekaa karibu yangu, akifumba macho yasiyoona.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," dada akajibu, "ukumbi wenu una joto na feni zimekufa. Hilo nalo nitalileta kikao kijacho."

Wakapiga meza kwa vicheko. Sheria ikaangushwa kwa kura chache. Alibaki amekaa mpaka kikao kilipofungwa, akapokea pongezi, akapigwa picha. Ndani ya gari njiani kurudi akaniita kwa jina la mama yetu, aliyekwisha kufa zamani.

Hospitali walisema uchafu umeingia kwenye damu. Walisema maneno mengine mengi, na daktari mmoja kijana akanifokea kana kwamba mimi ndiye niliyemkalisha. Karibu na mwisho fahamu zilimrudia kidogo, akanivuta sikio.

"Sema moyo," aliniambia.

"Nini?"

"Wakikuuliza. Sema moyo. Moyo unaua hata waheshimiwa wazima."

Aliliona kuwa mzaha mzuri, nilimwona midomo ikijaribu kutabasamu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyachukia kila siku tangu hapo.

Nilisema moyo. Niliwaambia majirani, nikawaambia walimu wenzake wa zamani, nikamwambia mwandishi wa redio. Mwenyekiti wa baraza alikuja kuzika, akasema baraza limempoteza mama mwenye moyo mkubwa uliochoka kwa kuwapenda watu. Nilijiuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Cherehani alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya kaburi, ameshika udongo mkononi.

Ukatangazwa uchaguzi mdogo. Vidole Vinane akachukua fomu siku ile ile, na sheria ya vyeti ikarudishwa mezani kimya kimya, isubiri kikao kitakachokuja. Umoja wakamteua Cherehani. Nilifurahi, nisikufiche. Nilifikiri, yule atawasemesha mpaka waombe kwenda haja.

Walikuja nyumbani kwangu siku ya kuanza kampeni, Katibu, wanachama wachache na mwandishi wa redio aliyetaka kurekodi maneno ya mgombea mpya mbele ya nyumba ya marehemu. Wao wakabaki barazani. Cherehani aliingia peke yake hadi chumbani kwa dada, nimpe fulana ya dada aivae siku hiyo. Aliongea tangu mlangoni: barabara mbovu, gurudumu linalolia, kanga aliyoahidiwa na hajapewa. Mimi sikusikia hata neno. Nilikuwa nimesikia harufu. Ilikuwa ya marashi, mazito, yaleyale.

"Nani amekupa marashi hayo?"

"Katibu. Anasema mgombea lazima anukie, eti tusije tukaambiwa..." Akakoma. Cherehani, katikati ya sentensi, alikoma.

Nilifunga mlango.

"Hebu nikuone," nikamwambia.

"Dada, ni kipele tu."

"Hebu nikuone mgongo."

Alilala kwenye kitanda cha dada, akanigeuzia mgongo. Kilikuwa kidogo kuliko cha dada siku nilipokiona mara ya kwanza. Ukingo wake ulikuwa bado mwekundu, hapakuwa na weusi, na nilipobonyeza pembeni ngozi ilikuwa inarudi. Niliingiwa na furaha, kama inaweza kuitwa furaha, kwa sababu kidonda cha namna ile nilikuwa nakijua sasa kuliko doa lolote, na hicho kilikuwa bado kinaweza kupona.

Nilimwambia. Nilivunja ahadi niliyompa marehemu palepale juu ya kitanda chake. Nilimwambia kuhusu shashi iliyokuwa inaingia tu, bitana mbili, jasho la ukumbini, damu iliyochafuka. Alisikiliza bila kugeuka.

"Katibu alisema ni moyo," akasema mwishoni.

"Mimi ndiye niliyesema moyo. Marehemu mwenyewe aliniomba."

"Aliomba kwa sababu alijua analofanya." Alijivuta akakaa, akaishusha nguo, akajifuta macho kwa ukali. "Nikijitoa leo, Vidole Vinane anapita bila kupingwa. Ile sheria inapita. Mama yangu ananitegemea, wenzangu wameshalipia mbao za meza. Nikishinda nitalala, dada. Nakuapia. Ila usimwambie mtu."

Maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule. Ningeweza kutoka nimwite Katibu pembeni, lakini Katibu alikuwa anajua, marashi yalikuwa yake. Ningeweza kumwambia muuguzi, mama yake, jirani. Wote wangeambiwa wanyamaze kwa ajili ya wengi, na wangenyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilinyamaza.

Nilitoka hadi barazani. Mwandishi wa redio alikuwa anafungafunga nyaya zake.

"Kidude chako kinafanya kazi?" nikamwuliza.

"Kinafanya, mama."

"Basi kishike vizuri. Dada yangu, mheshimiwa diwani, hakufa kwa moyo. Alikufa kwa kidonda cha kukaa. Kilimla mpaka mfupani, alikuwa anakificha kwa ajili ya kampeni, na mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha. Huyu mgombea wao aliye humo ndani anacho sasa hivi. Akikaa kwenye kiti kampeni nzima atakufa. Akilala atapona. Ni mgonjwa. Nasema tena usije ukakata, ni mgonjwa."

Mwanachama mmoja wa magongo alikuwa amevaa ile fulana, akaiangalia kifuani kwake kama kaambiwa imechafuka. Katibu alisimama, akapapasa ukuta mpaka akanifikia.

"Mdogo wetu, unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Hujui," alisema kwa ile sauti yake nzuri, na ilikuwa imepasuka.

Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi. Cherehani alikuwa amesikia kila neno. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alizungusha magurudumu akapita katikati yetu, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyefiwa.

Alijitoa siku hiyo. Vidole Vinane alipita bila kupingwa, akala kiapo kwa mkono wenye vidole vyote, na sheria ya vyeti ikapita kabla chai haijapoa, mwenyekiti akiitaja redio kama ushahidi. Sasa kila anayetaka meza sokoni anakwenda kupanga foleni hospitali ya mji. Nimewaona. Wanakaa kwenye benchi na kwenye viti vyao tangu asubuhi mpaka jua linapinda, wanamsubiri daktari aandike kwamba wana uwezo wa kuuza nyanya. Wengine wanarudishwa. Viziwi wanarudishwa kwa sababu hawakusikia majina yao yakiitwa. Wanachama wa Umoja wakipita mlangoni kwangu hawanisalimu, na nawaelewa. Katibu alikuja mara moja tu, akasimama kizingitini akakataa kukaa, akaniambia nimewatupa wengi kumwokoa mmoja. Nilimwambia mmoja huyo ana mama, akaenda zake. Usiku huo nilijiuliza kama ningemtaja Cherehani hadharani kama asingekuwa amekaa juu ya kitanda cha dada, na sikupata jibu ninalolipenda. Nina hasira na Katibu, na baraza, na yule mwalimu mkuu aliyezuia mlango. Na dada nina hasira naye kuliko wote, kwa sababu nilimpenda, na aliniachia kazi ya kusema uongo akaenda.

Mama yake Cherehani ni mzee, mikono inamtetemeka, hawezi kusafisha kidonda. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemshauri amlete kwangu. Akamleta, bila kuniangalia usoni. Kwa hiyo binti yuko hapa, kifudifudi kwenye kitanda cha dada, mto chini ya kifua, uso umegeukia ukutani. Anakula amelala. Ananyanyua mkono nikimfunga bendeji, anaushusha nikimaliza. Yeye aliyekuwa haishiwi maneno, nyumba yangu ameijaza kimya mpaka nafua nikiimba mwenyewe ili nisikie sauti ya mtu. Nilimwambia habari za sheria kupita, kwa sababu nilimdai ukweli na nami nikaona ninadaiwa. Alilia siku nzima bila kutoa sauti.

Jana asubuhi nilikuwa nasafisha kama kawaida, maji ya chumvi ya uvuguvugu, shashi mpya, nikasikia sauti kutoka kwenye mto. Ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Kimebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Kama ukucha wa kidole gumba."

Nikaendelea kusafisha, nikadhani ndiyo basi.

"Kikifunga nitagombea tena," alisema. "Hiyo sheria nitaitoa mimi. Na wewe, nikishatoka humu ndani, sitakupigia hata hodi."

"Sawa," nikamwambia. "Tulia nimalize."